Kumi haitoshi: barua kwa mwalimu wa Wete

Mkunazini, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia pamoja na karatasi ya yule mwanafunzi wako. Amejaribu kanuni yake kuanzia 1 mpaka 10, kila mara imekubali, na chini ameandika "imethibitika". Umempa sifuri, naye amekuja juu: mbona kwenye maabara ya fizikia wanapima mara tano tu na mwalimu anaridhika? Sifuri anaistahiki, lakini swali lake si la kipuuzi hata kidogo.

Mpe kwanza duara. Atie nukta mbili juu ya mzingo, aziunge kwa mstari mnyoofu: duara limekatika vipande 2. Nukta tatu, kila moja iungwe na kila mwenziwe: 4. Nne: 8. Tano: 16. Hapo muulize sita zitatoa ngapi, umwachie ajigambe na 32 yake, kisha achore na kuhesabu. Atapata 31. Atahesabu tena, 31 ile ile. Chunga jambo moja tu: nukta sita zikipangwa kwa nafasi sawasawa, mistari mitatu hukutana pale katikati, kipande kimoja hupotea, atapata 30, na somo lote litageuka ubishi wa uchoraji. Azitawanye ovyo.

Sababu yake inafaa kumwonesha, maana ndiyo dawa. Duara lina kipande 1 kabla ya kuguswa. Kila mstari unaongeza kimoja, na kila mahali mistari miwili inapokatana ndani panaongezeka kimoja kingine. Mistari ni mingi sawa na jozi za nukta. Makutano ni mengi sawa na makundi ya nukta nne, kwa kuwa kila nukta nne hutoa makutano mamoja. Kwa nukta sita ni 1 + 15 + 15 = 31, na kwa saba ni 1 + 21 + 35 = 57, si 64. Kule kuzidisha kwa mbili hakukuwapo tangu mwanzo. Kulifanana tu na kanuni ya kweli katika hatua tano za mwanzo.

Akisema tano ni chache, mpe ya mwanahisabati Euler: n² + n + 41. Weka 0, 1, 2 na kuendelea, kila jibu ni nambari tasa, mara arubaini mfululizo, mpaka 39. Weka 40 upate 1681, nayo ni 41 × 41. Akitaka kubwa zaidi, mwaka 1919 mwanahisabati Pólya alikisia kwamba ukihesabu nambari zote kuanzia 1 mpaka yoyote unayotaka juu ya 1, zenye idadi witiri ya vigawo tasa (kinachojirudia kihesabiwe kila mara) hazipungui nusu. Kisio hilo linashika, linashika, mpaka linapofika 906,150,257, hapo linavunjika. Kwa hivyo "mifano mingapi inatosha?" ni swali bovu katika hisabati. La kuuliza ni kitu gani kinachoufunga mfano huu na ule unaoufuata.

Kalete bao darasani. Kete zake 64 zinatosha kabisa kuonesha kwamba witiri za mwanzo, 1, 3, 5 na kuendelea, zikijumlishwa hutoa mraba. Weka kete 1. Izungushie 3 upande wa kulia na juu, upate mraba wa 2 kwa 2. Zungushia 5, ni 3 kwa 3. Endelea na 7, 9, 11, 13, na ukimaliza 15 kete zimekwisha na una mraba wa 8 kwa 8. Mpaka hapa bado ni mifano minane, haina nguvu kuliko ile kumi ya mwanafunzi wako. Sasa waulize: mraba wowote, tuseme wa k kwa k, unahitaji kete ngapi kupanda daraja? Ni k upande mmoja, k upande wa pili, na moja ya kufunga pembe. Jumla 2k + 1, nayo ndiyo witiri inayofuata hasa. Hapo hatujajaribu mraba wa tisa, tumeonesha kwamba hakuna mraba unaoweza kukwama. Hiyo ndiyo tofauti nzima.

Jina ndilo linaloponza. Watu wa mantiki waliosoma kwa Kiarabu huita istikrai, yaani induksheni, kule kutoka kwenye mifano kwenda kwenye kanuni. Hii ya kete nayo imepewa jina hilo hilo, induksheni ya hisabati, ilhali haikisii kitu. Ni hoja ya lazima, yenye sehemu mbili, mwanzo na hatua ya kutoka k kwenda k + 1, na zote mbili zidaiwe kwenye mtihani. Wanafunzi huidharau ya kwanza, ile ya kuanzia, kwa kuwa huwa nyepesi. Wape hii: "jumla ya witiri n za mwanzo ni n² + 1". Hatua yake inakwenda safi: k² + 1 ukiongeza 2k + 1 ni (k + 1)² + 1. Hakuna kosa la aljebra popote, na kanuni ni uongo mtupu, maana witiri ya kwanza ni 1, si 2. Kosa jingine utakaloliona sana ni mtu kuiandika kanuni ya k + 1 juu ya karatasi, kuifupisha pande zote mbili hadi apate 0 = 0, akafurahi. Ameanza na kile alichotakiwa kukifikia. Mkate alama bila huruma.

Na wale wenye akili nyepesi wape paka. "Paka wote wa Mji Mkongwe wana rangi moja." Paka mmoja ana rangi moja na nafsi yake, sawa. Chukulia kila kundi la paka k lina rangi moja. Leta paka k + 1: mtoe wa kwanza, waliobaki ni k, rangi moja. Mrudishe, mtoe wa mwisho, waliobaki ni k, rangi moja. Wale wa katikati wamo katika makundi yote mawili, basi wote wamelingana. Waache watafute shimo wenyewe, wasione haraka. Lipo hapa: paka wakiwa wawili, hao wa katikati ni nani? Hawapo. Hatua inafanya kazi kutoka 2 kwenda 3, 3 kwenda 4, na yote mengine, imekatika kutoka 1 kwenda 2 tu, na hiyo peke yake imeuangusha mnyororo mzima.

Turudi maabara, maana hapo kijana ana hoja. Mwanafizikia hana hatua ya k kwenda k + 1. Anabaki na istikrai yenyewe, kwa hivyo anauliza mifano imechaguliwa vipi. Chukua pendulamu. Kuipima mara tano kwa uzi ule ule wa sentimita 25, kila mpigo wa kwenda na kurudi ukitoa kama sekunde 1, kunamjulisha mkono wake unatetemeka kiasi gani kwenye saa, basi. Kanuni hakuigusa. Abadilishe uzi: 25, 50, 75, mita 1, ahesabu mipigo 20 kisha agawe, na ataona uzi wa mita 1, ulio mrefu mara nne, unatoa sekunde 2 na si 4. Halafu aiharibu kwa makusudi: aivute pembeni digrii 60 badala ya 10, mpigo utarefuka kwa asilimia 7 hivi. Jaribio hilo moja linamfundisha mipaka ya kanuni kuliko vipimo mia vya digrii 5.

Wapemba hawana haja ya kufundishwa hili, wanalo kwenye karafuu. Mnunuzi hachoti juu ya gunia, anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea guniani, pembeni na chini, kwa kuwa juu ndiko muuzaji alikopapamba. Hesabu yake pia wanaiweza wanafunzi wako. Ikiwa katika kila karafuu 100 mbovu ni 1, basi kuokota 20 bila kukuta mbovu hutokea mara 82 katika 100, kwa hivyo usafi wa hizo 20 haukuambii kitu. Ukiokota 300 zote nzuri, ni 0.99 kwa kipeo cha 300, kama 0.049, chini ya mara 5 katika 100. Hapo unaweza kusema mbovu hazifiki asilimia moja, kwa sharti kwamba uliokota kutoka kila upande wa gunia na si kinywani tu.

Kuhusu falsafa sitakuchosha. Imamu Ghazali alishasema juu ya pamba na moto: tunaona kuungua pamoja na kugusana, hatuoni ulazima baina yao, tunaona desturi. Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, naye mwaka 1739 akalifikia jambo hilo kwa njia yake. Kwa Ghazali desturi ni ya Mwenyezi Mungu, kwa Hume ni mazoea ya nafsi zetu. Na kusema "istikrai imefaulu siku zote, basi itafaulu kesho" ni kulitumia lile lile linaloulizwa. Sijaona aliyelijibu hilo moja kwa moja, wala sidhani mwanafunzi wako atalijibu kabla ya mtihani.

Ila msimulie ya Le Verrier, mwanafalaki wa Kifaransa. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyokokotolewa. Akasema ipo sayari nyingine inayoivuta, akakokotoa mahali pake, na usiku wa 23 Septemba 1846 mwanafalaki Galle akaiona Neptune kule Berlin, chini ya digrii moja kutoka hapo. Kisha Mercury nayo ikaonekana inapotoka kidogo. Mwaka 1859 Le Verrier huyo huyo akatumia hoja ile ile: ipo sayari ndogo karibu na jua. Ikapewa jina, Vulcan, ikatafutwa miaka mingi. Haikuwapo. Kilichohitaji kubadilishwa kilikuwa kanuni ya Newton yenyewe, na mwaka 1915 Einstein akaieleza ile tofauti ya sekunde 43 za pembe kwa karne (digrii moja ina sekunde 3600 za pembe).

Kwa kipindi kijacho waandikie ubaoni 2ⁿ > n² na usiwaambie inaanzia wapi. Kwa 1 ni kweli, kwa 2 pande zinalingana, kwa 3 ni uongo, 8 kwa 9, kwa 4 zinalingana tena, na kwa 5 inakuwa kweli, 32 kwa 25. Hatua yenyewe inashika kuanzia k = 3. Yule atakayejaribu 1 peke yake akakimbilia hatua, mrudishie karatasi pamoja na paka wawili.

Nisalimie nyumbani. Wasalaam.