Usizifunge kwanza

Uwanja wa Wilson, Jumanne usiku

Baraka ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, Mama Neema anakusalimia. Nimekaa kimya tangu Pasaka, unisamehe. Leo usingizi umenikimbia baada ya Otieno kuniambia umepata nguzo za kushikilia mbawa za ndege yako, Super Cub, "orijino kabisa", kutoka ndege iliyolala hangani miaka na miaka.

Nakuomba, usizifunge kwanza.

Nguzo za zamani za Piper, waliounda Super Cub, ni mabomba ya chuma yasiyozibwa. Unyevu huingia, hutuama kule chini karibu na bodi, na kutu huanza kula kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Mwaka juzi nilibonyeza moja kwa bisibisi, ikatoboka kama chapati. Mwenye ndege alikuwa ameirusha wiki iliyotangulia! Ndiyo maana Wamarekani walitoa agizo lao la usalama wa ndege, namba 99-01-05: nguzo za aina hiyo zipimwe kila miezi 24, au zibadilishwe kwa zilizozibwa. Hapo spea mpya inaishinda orijino, mimi sina shaka.

Najua, kutetea orijino, utanitajia ile ndege ya Tiger Moth iliyoanguka Australia, 2013. Ni kweli. Vyuma vilivyounga mbawa za chini na bodi vilikuwa vya badala, tena vyenye kibali, vikakatika kwenye hesi, yaani mikato ya skrubu, ambako nyufa zilikuwa zimeanza kitambo. Watu 2 walikufa. Ajali ile inaniuma hadi leo, na tangu hapo hata chuma kipya chenye karatasi safi nakihesabia saa zake za kuruka. Lakini haikupi ruhusa ya kuamini cha zamani kwa sababu ya jina lake tu. Cha zamani kina saa zake pia, na hizo za kwako nani anazijua?

Narudi kwenye nguzo. Ikikatika moja angani, bawa linakunjika, na hapo hakuna ujuzi wa rubani utakaosaidia.

Sasa nijibu upesi. Zimezibwa au ziko wazi? Kitabu cha kumbukumbu za ile ndege umekiona kwa macho yako? Uma za chini, zile zinazofunga nguzo kwenye bodi, umezifungua ukatazama hesi? Muuzaji atakubali uzipime kabla hujalipa? Na je, ni kweli umemwahidi Imani kiti cha nyuma siku ya kwanza?

Wako,
Musa