Ile bushi tuliigonga sisi

Makambako, Jumapili usiku

Swahiba,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Nyumbani hatujambo, shemeji yako anauliza kama ule mchele wa Mbarali ulikufikia. Mimi mzima, ila vidole vimechunika na bega la kulia limegoma. Nimetoka kufungua ekseli ya mbele ya lori langu la Fuso, na humo nimekuta jambo linalokuhusu kuliko unavyodhani. Usiiweke barua hii pembeni kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka nilivyokulilia juu ya tairi la mbele kushoto? Lilikuwa likiliwa upande wa ndani, mawimbi mawimbi, kama mtu kalikwangua kwa kijiko. Nikanunua jingine. Nikapiga alaimenti mara mbili. Usukani bado unatangatanga, ukikata kona haurudi wenyewe katikati, na nikipita kwenye viraka vya lami pale Nyololo natetemeka mpaka meno. Nikamgeuzia kibao muuza tairi. Nilimwambia maneno mazito, kesho itabidi niende kumwomba radhi.

Ijumaa ndipo nikasema liwalo na liwe. Kwanza nililiacha gari likanyage chini, utingo akae anayumbisha usukani huku na huku, kidogo tu, mimi nimelala chini nimeshika vichwa vya dragi linki na tairodi, vile vyuma vinavyopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu, kimoja kimoja. Kichwa cha tairodi cha kulia kilikuwa kimekwisha, raba imepasuka, ndani mchanga mtupu. Nikafurahi, nikadhani mchawi nimemshika.

Wapi! Nikaweka kabari tairi za nyuma, nikanyanyua ekseli, nikaisimamisha kwenye stendi, nikapenyeza mtaimbo chini ya tairi la kushoto. Nikilinyanyua, tok. Nikasema hizi ni beringi za habu, kile kitovu cha gurudumu. Kijana akakanyaga breki akaishikilia, maana breki ikikamata, habu na stabu (kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka na usukani) zinakuwa kitu kimoja na beringi haina nafasi ya kucheza. Nikanyanyua tena. Tok ileile, na nikaona kwa macho stabu inavyosogea kwenye ekseli. Kingipini, ndugu yangu, ile pini nene inayoishika stabu kwenye ekseli.

Kuvua dramu na mkono wa tairodi hakukunisumbua. Nilihesabu nyuzi kabla ya kufungua vile vichwa ili virudi karibu na palepale, na nilikumbuka kuwa upande mmoja hufungukia kinyume (kijana alikuwa ameshaanza kuukaza). Ile pini ya kabari inayoshika kingipini ilitoka kwa nyundo tatu. Kingipini yenyewe ilinilaza macho. Siku nzima tunagonga, haisogei hata unywele. Jirani akaja na mtungi wa gesi, anataka kuipasha. Nikamfukuza. Chuma cha ekseli kimefuliwa na kukomazwa kiwandani, ukikipiga moto ugumu wake unaondoka, na siku utakayojua umeondoka utakuwa katikati ya mteremko wa Kitonga na mzigo mgongoni. Nikaimwagia dizeli na ATF, yale mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ikalala humo usiku. Jana tukachomelea fremu ya vyuma vya chaneli, tukaweka jeki ya tani 20 ndani yake, tukaanza kusukuma polepole, wote tumekaa pembeni. Ilipoachia ililia kama bunduki. Kuku wa mama wa jirani hawajarudi mpaka sasa hivi.

Sasa ndiyo nakuja kwenye penyewe. Bushi ya juu, kile kibomba kifupi kinachoizunguka kingipini, ilikuwa imechoka kawaida tu. Ya chini, nilipoikokota nje, ndani ilikuwa kavu, rangi ya buluu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na kingipini pale imelika mpaka ukucha unakwama ukiupitisha. Grisi hakuna hata tone. Nikashangaa, maana pampu ya grisi haijawahi kuiruka nipeli ile, chuchu ya kuingizia grisi. Nikafungua nipeli, nikachungulia kwa tochi. Kile kinjia kimejaa grisi nzee, ngumu kama sabuni ya mche. Imeishia ukutani, kwenye mgongo wa bushi. Nikaigeuza bushi mkononi. Tundu lake la kupitishia grisi lipo, zuri kabisa, limeangalia upande wa pili.

Nani aliivaa bushi ile? Unajua. Ni ule usiku wa mvua, wewe umeshika tochi, mimi nyundo, mbao za Mafinga zinasubiriwa Dar. Tuliipaka grisi kwa kidole wakati wa kuivaa, ndiyo iliyotufikisha hapa. Na miaka yote hiyo nikipampu, pampu inakuwa ngumu, grisi inarudi pembeni ya nipeli, nasema haya, imejaa. Kumbe haijawahi kuingia.

Mpya nimezivaa mwenyewe, kila bushi nimeichungulia tundu lake kabla haijazama, na rima, kile kifaa cha kupanulia tundu, nimeipitisha taratibu mpaka kingipini ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Beringi ya kubeba uzito iko chini, shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, ziko juu, nikazibadilisha mpaka fila (bapa la kupimia nafasi) ya milimita 0.1 ikaanza kukwama. Spliti pini, zile za kuzuia nati zisifunguke, zote mpya. Nati ambayo tundu lake halikukaa sawa niliikaza mbele, sikuirudisha nyuma. Leo jioni nimelijaribu mpaka Njombe na kurudi. Usukani unarudi wenyewe.

Lakini lori la kwako, swahiba, tulilifanya siku nne baada ya langu. Bushi za boksi moja, haraka ileile, na tochi ileile iliyokuwa ikizimika. Usishuke tena Kitonga kabla hujaangalia. Nyanyua ekseli, fungua nipeli zote nne, safisha kinjia, ingiza waya mwembamba wa spoku ya baiskeli. Pale tundu lilipokaa sawa waya utaenda mpaka ugote kwenye kingipini. Ukigota mapema kuliko kwenye nyingine, hiyo ndiyo. Na asije fundi akakwambia atoboe kwa drili hukohuko bila kuvua, kila chembe ya chuma itabaki ndani inasaga.

Ukikuta hata moja imekaa vibaya, liache hapo lilipo, nipigie, nitakuja na ile fremu na rima. Ukikuta zote zimekaa sawa, mzigo wa viazi ukikuleta huku pita tu, hata kama ni saa nane usiku. Gharama tutagawana nusu kwa nusu. Nyundo ilikuwa yangu, lakini tochi ilikuwa yako.

Ni mimi wako,
wa gereji ya mteremkoni