Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji: kibao cha mlangoni kisipangwe foleni moja na bango la juu ya paa

Kwako Mkurugenzi wa Jiji,

Yah: Vibali vya mabango ya biashara

Mheshimiwa, mimi ni fundi mabango. Nachora, nakata herufi, nachomelea vyuma na kupanda ngazi kufunga. Wateja wangu wengi ni watu wa mlango mmoja: mwenye duka la dawa, kinyozi, fundi simu, fundi cherehani. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba kinawahusu wengi, na kwa maoni yangu kinatosha kwenye waraka wa kurasa mbili. Kibao kidogo kisicho na taa, kilichofungwa bapa ukutani juu ya mlango wa biashara yenyewe, kitolewe kwenye foleni ya vibali. Kisajiliwe, kifungwe, mwenye duka aendelee na kazi. Foleni ibaki kwa mabango yanayoweza kumuua mpita njia.

Tufuate faili moja. Mwenye duka anataka kibao cha mita 2 kwa sentimita 60. Anaambiwa alete picha ya jengo, mchoro wenye vipimo, barua ya mwenye nyumba, nakala ya leseni na risiti ya ada ya maombi. Mpaka hapo hakuna ubaya. Faili linaingia mipango miji, wanaangalia sura ya mtaa. Linapelekwa kwa wahandisi, nao wanadai mahesabu ya uimara yenye mhuri, kwa kipande cha bati ambacho mimi nakibeba kwapani. Likitoka hapo linakwenda kitengo cha barabara, wathibitishe kwamba kibao kisichofika barabarani hakifiki barabarani. Mwisho mapato. Hakuna meza inayoanza kabla ya nyingine kumaliza, na afisa mmoja akienda likizo, faili nalo linakwenda likizo. Kodi ya pango haiendi likizo.

Kinachochosha kuliko kusubiri ni kukataliwa kwa mafumbo. Mteja wangu mmoja alirudishiwa fomu yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Bango halikidhi matakwa." Matakwa yapi? Tukapunguza upana. Ikarudi na maneno yale yale. Tukabadilisha rangi, maana mtu wa dirishani alihisi pengine ni rangi. Kumbe shida ilikuwa kimo kutoka ardhini, na hilo tuliambiwa koridoni na karani mwenye huruma, kwa sauti ya chini kana kwamba anatoa siri ya serikali. Kipimo chenyewe hakikuwa kwenye fomu, wala kwenye ubao wa matangazo, wala mahali popote ambapo mwananchi angekisoma kabla ya kunilipa mimi nikate bati.

Penye kanuni isiyosomeka hawakosekani vishoka. Wapo pale nje ya geti na bahasha zao, wanajua ni meza gani faili limelala na nani wa kuliamsha. Sina haja ya kukueleza bei zao. Nasema tu kwamba wanauza kitu ambacho ofisi yako ingeweza kukibandika ukutani bure.

Kuna matokeo mengine ambayo ukiwa ofisini huenda huyaoni vizuri. Mwenye duka akichoka kupigwa danadana, hakai bila jina mlangoni. Anakwenda kuchapisha turubai, analitoboa pembe nne, analifunga kwa kamba usiku wa Ijumaa na kuandika chini yake "tangazo la muda". Jua linalichuja, upepo unalipasua, kamba zinakatika moja moja, na lile la muda linamaliza misimu. Kwa hiyo utaratibu uliowekwa ili mji upendeze unamwadhibu aliyetaka kibao cha heshima na kumwachia njia mwenye turubai. Mimi napoteza kazi, hilo sifichi. Lakini mtaa nao umepoteza.

Sasa nizungumzie hatari, kwa sababu hapo ndipo ningependa wahandisi wako wawe. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara 4. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 55 hivi, kabla hata umbo la bango halijaingizwa kwenye hesabu. Chukua bango la mita 6 kwa 3 lililosimamishwa juu ya paa: hiyo ni karibu tani nzima inayosukuma, inaachia, inasukuma tena, na yote inaishia kwenye boliti chache za chini. Kibao changu cha mita 2 kwa sentimita 60 hakina hata mita ya mraba moja na nusu, na kimelala juu ya ukuta ulioshikwa na jengo zima. Vyote viwili leo vinajaza fomu ile ile na kusubiri meza zile zile.

Tena tatizo la mabango makubwa halionekani kwenye mchoro. Anayefungua mabango ya zamani anajua yanaozea wapi: pale bamba la chuma linapokutana na ukuta. Maji ya mvua yanaingia nyuma ya bamba na hayana pa kutokea. Ukiitazama boliti kwa nje, kichwa kimepakwa rangi, kinang'aa. Ukiichomoa, shingo yake imeliwa na kutu imebaki unene wa msumari, na zege iliyoizunguka inamong'onyoka kwa kidole. Kwenye mabango ya taa kuna jambo la pili, maji kuingia kwenye kiunganishi cha umeme. Haya yote hutokea miaka baada ya mhuri kugongwa. Nani anakuja kuiangalia ile boliti? Kila mwaka anakuja mtu wa mapato, anasoma risiti, anaondoka.

Sheria za mabango zilizaliwa, kwa sehemu kubwa, na hofu hii hii. Mwaka 1718 huko London, katika kichochoro cha Bride Lane, bango zito lililoning'inia liling'oa ukuta wa mbele wa nyumba na kuua watu wanne. Paris mwaka 1761 iliamuru mabango yaache kuning'inia, yafungwe bapa ukutani, na London ikafuata njia hiyo kuanzia mwaka 1762. Angalia walichokihitimisha wale wazee: bapa ukutani ndiyo ilikuwa tiba. Sisi leo tunalitilia shaka lile lile lililokuwa dawa. (Na kabla ya hapo, mwaka 1393, mfalme Richard wa Pili wa Uingereza aliwalazimisha wapika pombe kutundika alama nje, asiyetundika anyang'anywe pombe yake. Kuna wakati serikali ilimwadhibu mtu kwa kukosa bango!)

Ninachoomba si kigeni. Kanuni za England za mwaka 2007 zinaruhusu biashara kuweka kwenye jengo lake bango lisilo na taa, linalohusu biashara hiyo, bila kuomba kibali mahsusi, mradi herufi zisizidi sentimita 75 na ncha ya juu isivuke mita 4.6 kutoka ardhini wala usawa wa chini wa madirisha ya ghorofa ya kwanza. Katika maeneo yaliyotengwa kwa uangalizi maalumu herufi zinashuka hadi sentimita 30. Linalovuka hapo ndilo linaombewa, na mwamuzi anatakiwa kupima mambo mawili tu: mandhari ya mahali na usalama wa umma.

Utasema hao ni wapole mno. Basi chukua São Paulo, Brazili, iliyofanya ukali usio na mfano. Sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 2007 iliondoa mabango ya matangazo ya barabarani mji mzima. Hata hivyo mwenye duka hakuachwa gizani: jengo ambalo upande wake wa mbele haufiki mita 10 linaruhusiwa bango la hadi mita za mraba 1.5, lenye upande wa mbele wa kuanzia mita 10 hadi chini ya 100 linapata hadi 4. Ni kidogo, na wenzangu wa kule bila shaka walilia. Lakini mtu anachukua futi kamba, anapima ukuta wake, anajua haki yake kabla ya kumwita fundi. Mimi ningekubali sheria kali inayosomeka kuliko hii laini ambayo hakuna anayejua mwisho wake.

Najua swali la mapato litakuja kwanza. Ada ibaki. Mwenye kibao kidogo alipe siku anaposajili, aambatishe picha mbili, moja ya ukuta na moja ya kibao kilivyofungwa, pamoja na jina la fundi aliyekifunga. Kikianguka, mnajua pa kuanzia, na mimi nitajibu. Akizidisha vipimo, mpeni notisi na tarehe, akikaidi kishusheni kwa gharama zake. Mitaa ya kihistoria na yenye majengo yanayolindwa ibaki kwenye utaratibu wa maombi, sina ugomvi na hilo. Na pale mtakapokataa ombi, barua itaje kifungu na kipimo kilichovukwa. Neno "matakwa" peke yake lisitumike tena.

Muda watakaoupata wahandisi wako wautumie juu ya mapaa na kwenye nguzo, wakiwa na ngazi na spana. Waanze na mabango ya zamani zaidi kwenye daftari lenu, hasa yale ambayo kampuni iliyoyaweka imeshahama na jina lake limebaki juu.

Mafundi tuko tayari kukaa na watu wako kuandaa rasimu ya vipimo. Tutakuja na boliti tulizozichomoa, mziweke mezani wakati wa kikao. Naomba majibu yako yabandikwe pale pale kwenye dirisha la maombi, ambapo wenye maduka watayaona wakiwa kwenye foleni.

Wako,
Fundi mabango

Nakala: Baraza la Madiwani, Mhandisi wa Jiji