Mdogo wangu, kuhusu kurudia SAT

Mdogo wangu,

Nimesikia umemwambia kitindamimba wetu asirudie SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya Marekani. "Mara moja inatosha," ndivyo alivyonifikishia, kisha akanyamaza kama mtoto aliyetumwa. Najua maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa yako, na yalinilenga mimi, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nakujibu hapahapa mbele za watu.

Tuanze na yake. Amepata alama 1390: kusoma na kuandika 650, hesabu 740. Kwenye majaribio ya Bluebook, ile programu ya kompyuta ya mtihani wenyewe, aliyoyafanya chumbani kwake, kwa muda uleule wa mtihani, kusoma hakujawahi kushuka chini ya 700. Mtu wa namna hiyo anarudia. Angekuwa anapata 650 kila akijaribu, ningemwambia afunge kompyuta akaandike insha zake, maana kukaa tena kwenye kiti kilekile na ujuzi uleule ni kubahatisha. Halafu vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama umezipata siku tofauti, kwa hiyo ile 740 haimpotei. Asome tu masharti ya kila chuo, kwa sababu Georgetown wao hutaka kuona matokeo yako yote, mazuri na mabaya. Na ile habari ya "usiwatumie tu matokeo" tuliyoizoea tangu wakati wa korona, vyuo vilipoufanya mtihani kuwa wa hiari, imepungua nguvu. Chuo cha MIT walitangaza mwaka 2022 kwamba wanaurudisha mtihani kuwa wa lazima, na 2024 wakafuata Dartmouth, Brown na Harvard.

Unaona? Nikitulia nashauri vizuri. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema hakuna anayekueleza hesabu kama mimi. Ulikuwa unanigongea mlango saa nne usiku na daftari mkononi.

Sasa ile Jumamosi.

Tumeegesha gari nje ya kituo cha mtihani, mara yako ya tatu, saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi, na saa mbili kamili mlango unafungwa. Umeipakata kompyuta, unabandua kwa kucha ile stika ya kwenye kifuniko, kidogo kidogo, kipande baada ya kipande. Ukasema, "Kaka, nimechoka. Turudi nyumbani." Hukulia, hukupandisha sauti. Nami nikakujibu kwamba tukirudi bila wewe kuingia mle ndani, usiniite kaka tena.

Ulishuka ukaacha mlango wa gari wazi. Nikajinyoosha kutoka kwenye usukani nikaufunga.

Nilikuwa na sababu. Mara ya kwanza ulipata 1380, ya pili 1450, ulikuwa unapanda. Mimi niliufanya mtihani huu mara moja tu, nikaambiwa ndio umekwisha, na nilipokuja kujua kwamba watu hurudia, tarehe za maombi zilikuwa zimepita. Hakuna aliyenisukuma. Nikaapa wewe utasukumwa. Ubaya wake uko wapi? Niliacha kazi mikononi mwa watu, nikalipa ada, nikakuamsha, nikakupeleka. Wako wanaoomba wapate kaka wa namna hiyo.

Matokeo yalipotoka uliyasoma umesimama. 1430. Ukanigeuzia skrini ukaniuliza, "Umefurahi?" Hukusubiri jibu, na jibu nilikuwa nalo! Hesabu ilikuwa imepanda kutoka 710 hadi 750. Ukiichukua hiyo na 740 yako ya kusoma ya mara ya pili, unapata 1490. Jumla ya siku ile ilishuka, lakini wewe ulipanda. Miezi yote hii nimekuwa nikitaka kukwambia 1490.

Ila kuna jambo nililiona baadaye sana, juzi tu, nikimpangia mdogo wetu ratiba. Kusoma ndiko kunakotangulia. Dakika 64, vipande viwili, na ukiyumba kipande cha kwanza unapewa cha pili kilicho rahisi, ambacho hakiwezi kukufikisha juu. Hesabu inakuja baada ya mapumziko. Siku ile kusoma kwako kulianguka kutoka 740 hadi 680, na hesabu ikapanda. Yaani ulipotoka garini uliingia moja kwa moja kwenye sehemu iliyoanguka, na ulipopumzika dakika kumi ukarudi kuwa wewe.

Sitaki kusema zaidi ya hapo. Hata hivyo, kukosa usingizi nako kunaweza kumshusha mtu.

Kisha ukachagua California, kwenye chuo cha umma ambacho tangu 2021 hakiangalii SAT kabisa, si 1380, si 1490. Sijui kama ulifanya makusudi. Mama anasema ulikipenda tu. Nilicheka alipoambiwa ada, halafu nikaenda kukaa kwenye gari. Vile vipande vya stika bado viko kwenye zulia la upande wako, sijavifagia.

Mdogo wetu amejiandikisha mwenyewe, mtihani wa Agosti. Sikumgusa, waulize. Wewe utakuwa bado likizoni. Ameniuliza nani atampeleka, nikamwambia akuombe wewe. Funguo nitaziacha mezani Ijumaa usiku. Mkumbushe achaji kompyuta kabla ya kulala, na akisema amechoka, wewe utajua la kumwambia.

Kaka yako.