Mafundi, acheni kututolea themostati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niongee na wenzangu wenye pikapu za dizeli za mtumba, hasa huku Kigoma ambako Hilux ya injini ya 3L (ni jina la injini ya Toyota, sio lita tatu) bado ndo inabeba kila kitu, mawese, kahawa ya Kalinzi, dagaa wa Kibirizi, saruji, mpaka maharusi. Juzi jirani yangu kanunua ya kwake, kesho yake tu namkuta anafungiwa taa sita juu ya kebini na bampa la chuma mbele, namuuliza mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, umebadilisha? Akaniangalia kama vile namwonea wivu.

Sio wivu bwana. Na mimi nilianza hivyo hivyo, redio kubwa, rimu, stika, halafu siku nimepakia saruji napanda kutoka Mwandiga kwenda Kalinzi gari ikachemsha. Fundi (simtaji, tunasalimiana mpaka leo) akafungua akachomoa themostati, kile kivalvu kinachoongoza maji ya kupoza injini, akaniambia hii kitu ni ya nchi za baridi, huku Afrika haina kazi. Nikamlipa na asante juu. Kumbe ndo nimeanza safari ya ovahoo, maana asubuhi gari ikawa inachelewa kupata moto, moshi mweupe umejaa uani, dizeli inanyweka kuliko zamani, na ule mlima bado inachemsha, mpaka gasketi ya silinda hedi ikaungua.

Mzee mmoja fundi wa Ujiji ndo alinifumbua macho. Themostati ya injini hizi ina kazi mbili. Maji yakipata moto inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta (kile kipoza maji cha mbele), na wakati huo huo kale kasahani ka chini kanaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kufika kwenye rejeta. Yaani umeitoa ili ipoe, umefanya ishindwe kupoa. Nikarudi nyumbani nikaitafuta ile ya zamani ilikuwa imelala kwenye dashibodi, nikaitia kwenye sufuria ya maji jikoni, mama watoto akauliza leo ndo tunakula vyuma? Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka vizuri kabisa, nilipoitoa ikajifunga. Ilikuwa nzima muda wote!

Sasa tatizo lilikuwa nini? Rejeta ilijaa magamba, na mfuniko wake mpira umekufa. Watu wanadharau mfuniko, lakini Kigoma tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, ukipanda milimani hata hiyo haifiki. Mfuniko mzima wa presha ya 0.9 unayakandamiza maji mpaka yanavuka nyuzi 115 bila kuchemka. Magamba nayo tunajitafutia wenyewe, gari iko Kibirizi inapakia dagaa, mtu anachota maji ya ziwa anajaza. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi nyingi za madini, yakipata moto yanaganda ndani kama kwenye birika la chai. Kinga maji ya mvua safi changanya na kulanti (dawa ya maji ya rejeta), hapo hujatumia hata robo ya bei ya zile taa sita.

Na kama kuna kitu cha kuongeza nakushauri uongeze, basi ni alamu ya joto yenye sensa ya kufunga kwenye chuma cha hedi. Geji ya dashibodi inapima maji, maji yakiisha sensa inabaki hewani na mshale unashuka, wewe unafurahi gari imepoa kumbe inaungua.

Eya klina, kichujio cha hewa ya injini, mnaijua, vumbi letu jekundu halina huruma, ila angalia na mpira wa boksi lake maana klina mpya kwenye boksi linalovuja ni kazi bure. Ukiipuliza puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na usiioshe kwa petroli.

Dizeli ya madumu mniwie radhi sitaisifia. Pampu ya 3L inalainishwa na dizeli yenyewe, ukiweka iliyochanganywa na mafuta ya taa unaisaga kwa hela yako. EWURA, wasimamizi wa nishati, walianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta (alama ya kugundua yaliyochakachuliwa) lakini dumu la kando ya barabara nani amelipima? Angalau fungua kile kikoki chini ya filta utoe maji kila wiki, mi nimeona yakitoka nusu kikombe.

Taa pia, kabla hujanunua kubwa weka rilei mbili (swichi za kupitisha umeme mkubwa) na waya mnene kutoka kwenye betri, safisha na ethi, ule waya wa kwenye bodi, utashangaa taa zako za zamani zinavyowaka maana umeme ulikuwa unapotelea kwenye swichi iliyochoka. Springi ongeza jani moja inatosha, wanaoongeza matatu ndo wale wanachomelea chesisi kila mwezi. Mkanda wa taimingi badilisha siku unayonunua gari, ni wa kilomita laki moja na hiyo namba ya kwenye dashibodi hujui nani ameirudisha nyuma, ukikatika valvu zinagonga pistoni.

Ombi langu Mhariri, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani, basi wakija kwa mafundi wetu wa Mwanga na Ujiji somo la kwanza liwe hili la themostati, waje na sufuria na jiko la mkaa, nusu saa tu inatosha. Sufuria nikiazima nyumbani safari hii sitapewa.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma