Mamangu, kazi yangu ni kama chandarua

Asalaam alaykum mamangu, shikamoo. Natumai goti limetulia na wote hapo Langoni wazima. Mi niko salama alhamdulillah, baridi tu ndo yanitesa, hapa Uholanzi sahi ni saa kumi na nusu jioni na kiza chaanza kuingia. Ali, msomee mama polepole na usiruke.

Juzi kwa simu uliniuliza, mwanangu hiyo kazi yako hasa watengeneza nini, nikababaika, halafu nikasikia huko nyuma mtu acheka ati digrii tatu na redio ya babu ilimshinda. Leo nimekaa nikujibu vizuri.

Wakumbuka ile masika mbu walivozidi na chandarua chetu kilikuwa kina matundu, ukatandika kingine juu yake? Nlikuwa nalala chali naangalia taa, naona maduara makubwa makubwa ambayo hayako kwenye chandarua hiki wala kile, yametokea tu kwa vile viwili vimepishana kidogo, na ukikivuta cha juu kidogo tu maduara yakimbia yapanuka. Nlidhani ni majini wallahi. Basi mama, hiyo ndo kazi yangu, ila chandarua changu kimefumwa kwa atomu za kaboni.

Ile risasi ya penseli si risasi, ni kaboni, imepangana tabaka tabaka kama mikeka iliyorundikwa. Mwaka 2004 pale Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa selotepu, selotepu hii hii ya dukani, mpaka wakabaki na tabaka moja tu, yaitwa grafini, na 2010 wakapewa tuzo ya Nobel. Matundu yake yana pembe sita, na kutoka atomu hadi atomu ni nanometa 0.142. Nanometa ni meta moja uikate vipande bilioni, unywele wako mmoja upana wake ni makumi ya maelfu ya hizo.

Sasa weka tabaka moja juu ya jingine ulizungushe kama digrii 1.1 hivi. Yale maduara yatokea, na elektroni, vile vichembe vinavobeba umeme, zikiingia humo zapunguza mwendo, zaanza kusikilizana, na ukipoza sana, kama digrii 271 chini ya sifuri, umeme wapita bila ukinzani wowote. Waliolionesha hilo ni kundi la Pablo Jarillo-Herrero kule chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2018. Lakini 2011 Rafi Bistritzer na Allan MacDonald, wakiwa Texas, walikuwa washapiga hesabu kwamba karibu na pembe hiyo elektroni zitazubaa. Hawakubandua kitu. Karatasi na kompyuta tu. Hao ndo watu wa ufundi wangu. Fundi wa Matondoni aunda jahazi bila ramani, na mi ni ramani tupu bila hata ubao mmoja, ndo maana nikashindwa kukujibu.

Na tafadhali msimwambie mtu nitaleta stima ya bure, kwa baridi ile kitu hichi hakifiki Lamu leo wala kesho.

Mwaka huu umenichosha lakini. Miezi mitatu hesabu zangu zilikataa kulingana na vipimo vya wenzangu wa maabara, nikawa naamini wao ndo wamekosea, tena nikawaambia, kumbe kwenye mstari wa nne niliacha alama ya kutoa. Kialama kimoja! Nlienda kuwaomba radhi mmoja mmoja, wakacheka, yule mkubwa wao akaninunulia kahawa, nayo chungu haina hata tangawizi.

Kontrakti yaisha mwezi wa nane, hii ya pili sasa, miaka miwili miwili kama mpangaji. Nishaomba kazi sehemu kumi na moja, tatu wamenijibu, zote hapana. Watu hapo wadhani nimekalia pesa, Ali waeleze, mi siwezi kurudia kila siku. Dua zako mama nazitaka kuliko kitu chochote.

Ali, usiku tandika vile vyandarua viwili, weka taa nyuma, zungusha cha juu kidogo sana unipigie picha, nataka niiweke ukurasa wa kwanza nikienda kusomesha. Na babu mwambie redio asitupe, nikija nitamfungulia. Kufunga ndo sina uhakika.

Mwanao akupendaye