Wimbo usiochuja tuupimie gizani

Ndugu Mhariri,

Nimefuatilia mabishano ya wasomaji wako juu ya wimbo usiochuja. Mmoja ameandika kwamba siku hizi hakuna cha kubishania, simu inahesabu yenyewe: uliotazamwa mara milioni 10 umeushinda uliotazamwa mara 10,000, basi. Mwingine akamjibu kwamba muziki ulizikwa na bendi za zamani, kilichobaki ni makelele. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Uyole, mwaka wa 26 huu nafundisha sauti nne kwa nota za ubaoni, na naomba nafasi niwapinge wote wawili.

Mwezi wa nne mwaka jana tulikwenda msibani upande wa Tukuyu. Wanaokujua kule wanajua kwamba mvua yake haipigi hodi. Turubai lilifungwa kutoka kwenye migomba mpaka ukutani, akina mama wamejaa ndani ya nyumba, sisi wanaume tumeuzunguka moto nje. Wenye msiba walikodi spika mbili kubwa na kijana wa kuzisimamia. Flashi yake ilijaa nyimbo za maombolezo, na kusema kweli zilitengenezwa vizuri: kinanda, gitaa, sauti imetiwa mwangwi mpaka unadhani mwimbaji yuko pangoni. Zilipiga tangu saa mbili usiku, nasi tukaongea juu yake. Bei ya mbolea, kalavati lililokwenda na maji, nani kahamia Tunduma. Sikumwona mtu hata mmoja aliyetega sikio. Kwenye saa sita hivi umeme ukakatika.

Kile kimya kilitushtua kama watu waliovutwa blanketi usingizini. Ndipo huko ndani, gizani, bibi mmoja akaanzisha. Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. Kwenye kwaya yangu ningemweka safu ya nyuma. Akatoa mstari mmoja mfupi wa Kinyakyusa, akanyamaza, wenzake wakaitikia maneno matatu. Akarudia, safari hii akalitia jina la marehemu katikati ya mstari, mahali ambapo mwanzo palikuwa na neno jingine. Kisha jina la mtoto wa marehemu. Kisha la mjomba aliyekuwa njiani kutoka Songwe na hajafika. Mtu akawa anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, taratibu. Mimi ni Mbena wa Njombe, Kinyakyusa changu kinatosha kununulia ndizi tu, lakini mzunguko wa nne nilikuwa naitikia. Yule kijana wa spika alikuwa anakunja nyaya zake zisilowe. Nikamsikia nyuma yangu naye anaitikia, tena kwa sauti ya tatu, ambayo hakuna aliyemfundisha. Tuliuimba wimbo huo mmoja karibu saa nzima. Umeme uliporudi, mzee wa nyumba alimfuata kijana na kumwambia aziache hivyo hivyo.

Niliporudi nyumbani niliuandika kwenye kaunta buku kuuchunguza, maana ndiyo kazi yangu. Una noti tano. Haupandi juu kuliko koo la mtu mwenye mafua. Pumzi yako inapoishia, mstari nao unaishia. Na umeachiwa tundu katikati la kupitishia jina la mtu. Nyimbo za kwenye flashi hazikuwa na tundu lolote. Zilikuja zimejaa mpaka mlangoni, tungeingilia wapi? Tangu hapo huo ndio umekuwa mzani wangu: uondolee wimbo vyombo, mwenye wimbo na umeme, halafu utazame kama watu waliobaki wanaweza kuushika.

Huyu anayehesabu watazamaji hesabu yake si ya uongo. Anahesabu vidole vilivyobonyeza. Wimbo wetu wa taifa tuni yake aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg aliyekuwa pia akiongoza kwaya. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Hakuacha sahani wala kanda, aliacha tuni ambayo watoto wa shule wanaiweza. Sisi tuliichukua tulipopata uhuru mwaka 1961, Zambia wakaichukua mwaka 1964, Zimbabwe wakaitumia miaka yao ya mwanzo, Afrika Kusini imo kwenye wimbo wao wa taifa hadi leo, na kila mmoja ametia maneno yake. Kwa miaka mingi kaburi la mtunzi halikuwa likijulikana liko wapi. Lilikuja kutambuliwa miaka ya 1990. Ukitaka kuona kazi yake ilivyo imara, simama nje ya shule yoyote ya msingi hapa Mbeya asubuhi ya mwezi wa saba, baridi inauma, watoto wametia mikono ndani ya sweta. Wanapotea kwenye ufunguo kila siku. Wimbo hauharibiki.

Kwa ndugu yetu wa bendi za zamani: hata mimi ukinipigia gitaa la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari kule Kenya Januari 1979, nasimamisha kazi. Bado linapigwa kwenye mabasi yanayopanda Kitonga, na abiria ambao hawakuwa wamezaliwa wanaimba nalo. Ila tuseme ukweli. Bendi zile zilirekodi nyimbo chungu nzima Radio Tanzania Dar es Salaam, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 huku Bara redio ilikuwa hiyo. Wimbo tuliousikia mara mia hatukuuchagua, tulipakuliwa. Na nyingi katika hizo tulizopakuliwa zimetutoka kabisa, hata ukitajiwa jina hulikumbuki. Zilizobaki ni chache, nazo ndizo tunazowachapia vijana. Tunachukua mchele wetu wa Kyela uliokwisha kupepetwa tunaulinganisha na mpunga wao uliotoka shambani jana, makapi na yote, halafu tunajisifu kwamba wetu ni mweupe. Nao wataupepeta. Siku mkiwasikia wasichana wa darasa la tatu wanarukia kamba kiitikio cha bongofleva cha miaka saba nyuma, huo uandikeni pembeni.

Kuna kosa moja naliona kwa watunzi wengi, wa kanisani na wa studio, nalo nimelifanya mwenyewe. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio halisamehe. Baada ya ajali zile za mteremko wa Iwambi nilitunga wimbo wa kuwaombea wasafiri, nikaweka noti ndefu kwenye silabi ya pili ya neno “barabara”. Nilikusudia njia ya magari. Ilipoimbwa ikatoka ba-RA-ba-ra, yaani sawasawa. Kwaya nzima, na majoho yao, wakawa wanamwomba Mungu atulinde “katika sawasawa zetu”. Watoto wa shule ya Jumapili walicheka mpaka mzee mmoja wa kanisa akasimama kuwakodolea. Wimbo ule ulikufa Jumapili hiyo hiyo, na ulistahili.

Katika kaunta buku zangu nina nyimbo 43. Ninaoupenda kuliko zote una besi inayotembea peke yake na nusu sauti mbili ngumu, yaani zile hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti. Ulishika nafasi ya pili kwenye mashindano na tangu siku hiyo hakuna aliyeugusa. Mwingine niliutunga kwa nusu saa, wa kutolea sadaka ya mavuno, kwa sababu mchungaji alikuwa ananisubiri mlangoni. Julai mwaka huu nilikuwa ndani ya daladala natoka Tukuyu, tukasimama Isyonje kushusha abiria. Pembeni ya barabara akina mama walikuwa wanashindilia viazi kwenye lumbesa, wanaimba. Ulikuwa wangu, ule wa nusu saa. Walikuwa wameinyoosha nusu sauti pekee niliyoitia, na mstari wa tatu, mahali nilipoandika “neema”, wao wameweka “viazi”. Nikafungua dirisha niwaambie wanakosea. Wakaurudia mstari wa tatu kabla sijafungua mdomo, nikausikia vizuri. Konda akagonga bodi, gari likaondoka, nami nikatoa kalamu nikafuta “neema”.

Mwalimu wa kwaya,
Uyole, Mbeya